Kompyuta mpakato ya mwaka 2011: draiva ya NVIDIA 390, nouveau, au Intel peke yake?

Mwalimu wa Kongwa

Habari za jioni, wanajukwaa. Ninayo kompyuta mpakato ya mwaka 2011 yenye kadi mbili za michoro: Intel HD 3000 iliyomo ndani ya prosesa, na GeForce GT 540M ya NVIDIA. Likizo hii nilisimika upya mfumo endeshi wa Debian 13, unaokuja na keneli (kiini cha mfumo) ya 6.12, kisha nikapakua draiva ya 390.157 kutoka tovuti ya NVIDIA. Usimikaji ulikwama katikati, na nilipoiwasha tena skrini ikabaki nyeusi. Niliingia baada ya kuongeza neno nomodeset kwenye GRUB (programu ya kuwashia mfumo), lakini sasa video zinakatakata, feni inavuma kama mashine ya kusaga mtama, na betri haimalizi kipindi kimoja. Nirudi Debian 11, nitumie nouveau (draiva huria ya kadi za NVIDIA iliyomo kwenye keneli), au niiache NVIDIA kabisa? Kazi zangu ni mitihani, ramani za QGIS na kuonyesha masomo kwa projekta.

Fundi wa Majengo

Mwalimu, kosa si lako. GT 540M ni ya kizazi cha Fermi, na toleo la mwisho la draiva yake ndilo hilo la 390.157, lililotoka Novemba 2022. Draiva hiyo ina sehemu inayopaswa kutengenezwa upya kwa kila keneli, ilhali watengenezaji wa keneli hawaahidi kwamba mambo ya ndani yatabaki yalivyo. Tangu 6.3, kwa mfano, draiva haiwezi tena kubadilisha vm_flags (alama za matumizi ya kumbukumbu) moja kwa moja kama ilivyozoea, na hapo 390 hugoma. Wateja wangu wenye mashine za namna hiyo huwarudisha Debian 11, yenye keneli ya 5.10, ambako draiva hiyo imo katika hazina yake ya programu na zana iitwayo DKMS huitengeneza upya kila keneli inaposasishwa.

Mpima Ardhi wa Nkuhungu

Ndugu Fundi, njia hiyo inafanya kazi, ila masasisho ya usalama ya muda mrefu ya Debian 11 yamewekewa kikomo cha tarehe 31 Agosti 2026, na sioni sababu ya mwalimu kuhama nyumba kwa ajili ya kadi ambayo kazi zake haziihitaji. HD 3000 inaendeshwa na draiva ya i915, ambayo ni sehemu ya keneli yenyewe, hivyo hubadilika pamoja nayo bila mtu kutengeneza chochote. Nami natumia QGIS kwenye HD 3000 kwa viwanja vya huku kwetu bila kuikumbuka NVIDIA.

Kinachomsumbua mwalimu ni mabaki. Nomodeset huizuia i915 pia, kwa hiyo michoro yote inachorwa na prosesa, na ndiyo maana video zinakatakata. Neno hilo ni la kuingilia tu siku ya dharura, likishakuingiza, liondoe.

Mwanafunzi wa Ihumwa

Basi aizuie nouveau moja kwa moja abaki na Intel. Kwa kadi za Fermi nouveau haiwezi kupandisha kasi, kadi hubaki kwenye kasi ya kuwashia, na michezo haichezeki.

Mpima Ardhi wa Nkuhungu

Kuhusu kasi uko sahihi, mdogo wangu, lakini usiizuie. Kadi isiyo na draiva yoyote hailali: hukaa na umeme, ikipasha mashine joto bure, na joto la Dodoma la Novemba halihitaji msaada. Nouveau ndiyo huizima kadi hiyo inapokosa kazi. Nouveau tuifanye mlinzi wa swichi, uchoraji tumwachie Intel. Mwalimu, nashuku kisimikaji cha NVIDIA kiliacha faili la kuizuia nouveau ndani ya /etc/modprobe.d. Lifute, endesha update-initramfs -u (husasisha faili la kuanzia la mfumo), ondoa nomodeset katika /etc/default/grub, endesha update-grub, kisha washa upya. Baada ya hapo soma faili la power/runtime_status la kadi hiyo chini ya /sys/bus/pci/devices. Likisema suspended, imelala.

Fundi wa Majengo

Hapo sibishi. Nyongeza moja: katika baadhi ya mashine tundu la HDMI limeunganishwa na NVIDIA, si Intel, kwa hiyo anayeizuia nouveau anaweza kukosa projekta siku ya kipindi.

Mwalimu wa Kongwa

Nimerudi na majibu. Faili la kuzuia lilikuwepo kweli. Nimelifuta, nomodeset nimeiondoa, na sasa video zinatiririka na runtime_status inasema suspended. Nikichomeka projekta kwa HDMI hubadilika kuwa active na picha inatoka. Kwa VGA kadi inaendelea kulala, basi kebo ya VGA ndiyo nitakayobeba darasani. Feni imepungua kelele ingawa haijanyamaza.

Fundi wa Majengo

Hilo lililobaki ni vumbi. Ifungue uisafishe feni kwa brashi, na ubadilishe mafuta ya kupozea prosesa kama hayajawahi kubadilishwa.