Naomba ushauri: "fair" hii niitafsirije?

Habari zenu wakuu. Natafsiri ripoti ya kazi, nimekwama kwenye sentensi fupi tu: "Her work was fair." Kamusi inanipa haki, weupe wa ngozi, hewa nzuri, wastani, hata maonyesho (hilo la mwisho kumbe ni neno jingine kabisa, asili yake Kilatini, "feria"). Nimejaribu kubadilisha na visawe: "just" na "impartial" zinagoma, "average" inakaa vizuri. Ila naogopa kumshusha mtu bure. Ukurasa wa pili kuna ngazi: "poor", "fair", "good", "excellent".

Je, hapo "fair" ni sifa, au ni kukosoa kwa upole? Na niandike "wa wastani" au "wa kuridhisha"?