Mrejesho: kwa nini magnesiamu iliyoungua huongezeka uzito

Niliuliza kwa nini gramu 2.43 za magnesiamu, zikiungua zote katika oksijeni, huacha unga mweupe wa gramu 4.03, ilhali tungamo haiongezeki wala kupungua katika mmenyuko wa kikemikali. Nawashukuru mlionijibu. Nilikuwa nimehesabu kitu kigumu pekee na kuisahau oksijeni iliyoungana nacho, ambayo ndiyo hizo gramu 1.60 zilizozidi.

Kosa la pili, ambalo nakiri lilinitia aibu zaidi, ni kwamba nilisawazisha mlinganyo kwa kuandika Mg + O₂ → MgO₂. Idadi ya atomu ilitimia, lakini kwa kuongeza namba ndogo ya chini nilikuwa nimeandika dutu nyingine kabisa, yaani peroksidi badala ya oksidi. Sasa fomula naziacha kama zilivyo, nabadili namba za mbele tu: 2Mg + O₂ → 2MgO, na tungamo zinakubaliana, 48.6 + 32.0 = 80.6.

Mlinganyo wa kuungua kwa gesi ya butani (C₄H₁₀) ulinisumbua hadi nilipoanza na kaboni, nikafuata haidrojeni, oksijeni ikawa ya mwisho. Mbele ya O₂ nilipata 13/2, nikazidisha kila kitu kwa 2: 2C₄H₁₀ + 13O₂ → 8CO₂ + 10H₂O.