Majirani Wema Kiamunyi ⚽ (mechi ya Jumamosi)

*ALHAMISI*

*Mama Brayo, 18:42:* Jioni njema majirani. Mechi ya kina mama ni keshokutwa. Wiki nzima nauliza nani anacheza na majina ni manane. MANANE. Timu ni watu kumi na mmoja pamoja na kipa.

*Mama Brayo, 18:43:* Na kabla mtu aseme wanane wanatosha, sheria inasema mkiwa chini ya saba mechi haianzi. Mmoja aumwe na tumbo, mwingine aitwe na mama mkwe, tumebaki sita, tumeshindwa kabla ya kuvaa viatu.

*Mama Brayo, 18:51:* Nawaona mmesoma. Zile alama za buluu haziongopi.

*Mama Tasha, 18:58:* Mimi nimesoma kwa bahati mbaya 😂

*Baba Kevo, 18:59:* Niandike wa tisa. Nina leso.

*Mama Brayo, 19:00:* Baba Kevo wewe ni wa kung'oa visiki vya mahindi uwanjani, kama tulivyokubaliana.

*Baba Kevo, 19:00:* Tulikubaliana lini

*Mama Brayo, 19:04:* Sasa someni hata kama mko jikoni. Mwaka jana hatukushindwa kwa kukosa nguvu, tulishindwa kwa kutojua. Dakika 90 ni za wale wa kwenye runinga. Nimeongea na wapinzani wetu wa kule juu, tunacheza 30 kwa 30. Kufupisha si makosa bora vipindi viwili vilingane. Mapumziko yasizidi dakika 15 na si ya kwenda kuangalia githeri.

*Mama Tasha, 19:05:* Ilikuwa inaungua!!

*Mama Brayo, 19:07:* Kubadilisha wachezaji: ligi kubwa ni watano na ukitoka umetoka. Huku kwetu tukielewana mapema mtu anaweza kupumzika na kurudi. Kwa hivyo wale wa magoti msijifiche.

*Mama Chebet, 19:15:* Kabla ya sheria zingine tuongee juu ya goli langu la mwaka jana.

*Mama Brayo, 19:15:* Mama Chebet tafadhali

*Mama Chebet, 19:16:* Nilirusha mpira ukaingia. Watu wote wakaona. Mbuzi wa zawadi akaenda kule juu.

*Mama Brayo, 19:18:* Ulirusha vizuri, miguu yote chini, mikono miwili, kutoka nyuma ya kichwa. Hakuna anayekataa. Lakini mpira wa kurusha ukienda golini moja kwa moja si goli, kipa wao anaanzisha kutoka kwake. Lazima uguswe na mtu kwanza.

*Mama Chebet, 19:19:* ULIGUSWA. Uligusa kilemba cha kipa wao. Kilemba kiko kichwani, na kichwa ni mtu.

*Baba Kevo, 19:20:* 😂😂😂 wakili

*Mama Tasha, 19:20:* Kilemba kilichezea timu gani lakini

*Baba Kevo, 19:21:* Maradona alifunga goli kwa mkono 1986 mbele ya Waingereza na refa akalikubali. Nyinyi mnabishana juu ya kilemba

*Mama Chebet, 19:22:* Sicheki.

*Mama Swabra, 19:30:* Asalaam aleikum. Samahani nachelewa, nilikuwa naswali. Naomba kuuliza, hijabu inaruhusiwa?

*Mama Brayo, 19:31:* Inaruhusiwa mama, iko kwenye sheria tangu 2014. Iwe nyeusi au rangi ya jezi, isishonwe kwenye jezi, na pini uache nyumbani. Na hapo ndipo nilikuwa naelekea: pete, bangili, hereni, mikufu, VYOTE vinatolewa. Hata kufunika na plasta hairuhusiwi.

*Mama Tasha, 19:32:* Pete yangu ya ndoa haitoki, kidole kimenenepa

*Mama Brayo, 19:32:* Sabuni.

*Baba Kevo, 19:33:* Mama Kevo amesoma hiyo na ametoa yake haraka sana. Nina wasiwasi

*Mama Swabra, 19:36:* Ahsante. Na kuotea je? Mume wangu alinieleza akitumia vikombe vya chai, tukaishia kununiana.

*Mama Brayo, 19:41:* Weka vikombe chini. Wakati mwenzako ANAUPIGA mpira (si wakati unakufikia), uko upande wao na umeutangulia mpira, hesabu watu wao walio kati yako na mstari wa goli lao. Wawili, hata kama mmoja ni kipa, uko salama. Umelingana na yule wa pili kutoka mwisho, uko salama. Amebaki mmoja tu, umeotea. Mikono haihesabiwi. Ukiwa nusu yenu huwezi kuotea hata ukitaka. Na mpira wa kona, wa kurusha, na ule kipa anaanzisha golini, hakuna kuotea.

*Mama Tasha, 19:43:* Kwa hivyo nikienda kusimama kando ya kipa wao tukipiga gumzo nimefanya kosa?

*Mama Brayo, 19:44:* Kusimama si kosa. Kosa ni mpira uje uuguse, au umzibe kipa macho, au umzuie mtu.

*Mama Tasha, 19:44:* Na usipokuja?

*Mama Brayo, 19:45:* Endelea na gumzo lako Mama Tasha.

*Mama Chebet, 19:58:* Mtaongea kuotea mpaka asubuhi lakini goli langu hamtaki kuligusa. Na mbuzi tulichanga sisi, mia tano tano. Nina majina.

*Mama Tasha, 19:59:* 🐐

*Baba Kevo, 19:59:* Mwacheni mbuzi apumzike kwa amani

*Mama Chebet, 20:01:* Refa alikuwa nani? Shemeji ya nani? Semeni

*Mzee Rono, 20:14:* Habari za jioni. Nilikuwa nimeketi chini ya mparachichi, nyuma ya goli lile. Mpira uligusa kilemba. Nilikiona kikisogea. Lakini refa hakuona, akasema si goli. Neno la refa kuhusu goli ni la mwisho, na hilo pia ni sheria. Uwanja huo ni shamba langu. Nikisikia habari za mbuzi tena, au mtu amtukane refa Jumamosi, trekta inaingia Jumatatu.

*Mama Brayo, 20:22:* Sawa Mzee. Ahsante.

*Mama Swabra, 20:23:* Tumesikia Mzee.

*Baba Kevo, 20:31:* Ndio Mzee

*Mama Chebet, 20:40:* _Ujumbe huu ulifutwa_

*Mama Chebet, 20:46:* Nimesikia Mzee. Kwa hivyo uligusa.

*IJUMAA*

*Mama Brayo, 06:10:* Habari ya asubuhi. Bado hatuna kipa. Mama Faith, kimya chako nimekisoma.

*Mama Brayo, 06:12:* Kipa anashika mpira ndani ya boksi lake tu, akitoka nje ni mtu wa kawaida. Mwenzake akimrudishia kwa mguu makusudi HARUHUSIWI kuudaka, aupige. Na sheria mpya ya 2025: akiukumbatia zaidi ya sekunde nane, wale wengine wanapewa kona. Refa anainua mkono anahesabu tano za mwisho.

*Mama Tasha, 07:02:* Sekunde nane hata shikamoo haijaisha

*Mama Faith, 11:20:* Nimesoma yote. Sidaki. Mwaka jana mlinirudishia kwa mguu mara ngapi, na nikipulizwa filimbi mkanicheka mimi.

*Mama Brayo, 11:21:* Ndiyo maana naeleza sheria!!

*Mama Faith, 11:34:* Waeleze wao.

*Wambo Ploti 4, 13:05:* Jamani kunawa mpira ni mkono wote ama kiganja tu? Mimi mpira ukija usoni mikono inapanda yenyewe

*Mama Brayo, 13:07:* Ni kuanzia usawa wa kwapa kushuka mpaka vidole. Bega halihesabiwi. Lakini ukiinua mikono kujikinga uso bado umenawa. Na ukinawia ndani ya boksi letu ni penalti, mita 11, na kipa hatuna.

*Wambo Ploti 4, 13:08:* Basi niwekeni mbele, mbali kabisa

*Mama Brayo, 13:09:* Wewe ni wa tisa. Ahsante. Jezi ni mia tatu, wamelipa wanne. Kinga za ugoko ni LAZIMA. Refa ni Karanja wa boda.

*Baba Kevo, 13:15:* Karanja ameniambia anakuja akikosa wateja

*Mama Brayo, 13:15:* Nitakuwa mteja wake. Atanibeba mpaka uwanjani na hapo hatoki.

*Mzee Rono, 16:50:* Ng'ombe wanapita hapo saa kumi na moja.

*Mama Brayo, 16:51:* Tunaanza saa tisa kamili Mzee, saa kumi na nusu tumemaliza.

*Mama Tasha, 17:20:* Saa tisa si ndiyo kikao cha chama?

*Mama Brayo, 17:21:* Kikao kimehamishwa.

*Mama Tasha, 17:21:* Na nani?

*Mama Faith, 19:48:* Nitadaka kipindi cha kwanza tu. Na nikirudishiwa kwa mguu naondoka na glavu zangu.

*Mama Brayo, 19:49:* Mungu akubariki. Cha pili nani?

*Mama Brayo, 20:30:* Cha pili nani jamani

*Baba Kevo, 21:02:* Visiki nimeng'oa nusu ya uwanja. Ile ya upande wa mparachichi. Mkishinda sarafu chagueni huko