Plasta, chingamu au mnasihi: kipi kinasaidia kuacha sigara?

Mzee wa Pakiti: Wakuu habari zenu. Nataka kuacha sigara, na safari hii sitaki kuacha kikavukavu. Duka la dawa wamenionyesha plasta ya nikotini na chingamu. Mwenzangu kazini anasema hizo ni kubadilisha ulevi tu, niende kwa mnasihi basi. Navuta pakiti nzima kwa siku, ya kwanza naiwasha kabla sijashuka kitandani. Mliopita njia hii, nianze na kipi?

Tulizo: Plasta, mkuu. Unabandika asubuhi penye ngozi kavu isiyo na nywele, unaendelea na shughuli zako. Nikotini inaingia polepole siku nzima. Anayevuta zaidi ya sigara 10 kwa siku kwa kawaida huanza na ya miligramu 21, anashuka 14, kisha 7. Kila siku badilisha mahali, maana inawasha. Kasoro yake ni moja: arosto ikikuvamia ghafla, umetoka kula au kuna mtu kakukera, plasta haiongezi kasi.

Mama Subira: Hapo ndipo chingamu inapoingia. Ila wengi wanaitafuna kama pipi, halafu wanailaumu. Tafuna taratibu mpaka usikie ukali, kisha ibane kati ya shavu na ufizi, uiache. Ukali ukiisha, tafuna tena, hamishia upande wa pili. Endelea hivyo kama nusu saa. Nikotini inapita kwenye ngozi laini ya mdomo. Ukiimeza na mate utaambulia kwikwi na kiungulia. Na usinywe kahawa, soda wala juisi dakika 15 kabla, haitafyonzwa vizuri. Mwenye meno ya bandia achukue vidonge vya kumung'unya.

Kijiweni: Mimi niko na huyo mwenzako. Unaitoa nikotini kwenye sigara unaitia kwa plasta, umeacha nini hapo?

Tulizo: Umeacha moshi! Lami ya moshi na kaboni monoksidi, ile gesi yake ya sumu, ndizo zinazomaliza mapafu na moyo, nikotini kazi yake ni kukufunga urudi dukani. Sigara inaifikisha kwenye ubongo kwa sekunde chache, plasta inachukua saa kadhaa, ndiyo maana ni nadra kuona mtumwa wa plasta. Shirika la Afya Duniani limeziweka dawa hizi kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2009.

Nesi wa Zamu: Jamani, mnashindanisha visivyoshindana. Plasta pamoja na chingamu vinafanya kazi kuliko kimojawapo peke yake, na ukiongeza unasihi ndiyo bora zaidi. Mnasihi hakai kukuhubiria. Anakuandikisha kila sigara: saa ngapi, wapi, ulikuwa na nani. Mnapanga tarehe ya kuacha. Penye kipimo cha kaboni monoksidi unapuliza, na ukiacha namba inashuka ndani ya siku moja au mbili. Watu wanapenda kuiona ikishuka. Halafu kahawa: moshi wa sigara unalifanya ini liondoe kafeini haraka, kwa hiyo ukiacha, kikombe kilekile kinakuwa kikali. Unatetemeka, unadhani ni arosto. Punguza. Vidonge vya kusaidia kuacha, varenikilini na bupropioni, navyo vipo, lakini hivyo ni vya daktari, na bupropioni haimfai mwenye kifafa. Mjamzito, au aliyepata mshtuko wa moyo karibuni, aanze kwa daktari kabla ya hata hiyo plasta.

Mzee wa Pakiti: Nimewaelewa, nachukua vyote viwili na Jumatatu naenda kwa mnasihi. Chingamu ipo ya miligramu 2 na 4, ipi yangu? Na plasta nalala nayo?

Mama Subira: Anayewasha ndani ya nusu saa ya kuamka ni wa 4. Plasta ya saa 24 unaweza kulala nayo, ila ikikuletea ndoto za ajabu ivue ukienda kulala. Ukishaivua ikunje gundi kwa gundi, uitupe watoto wasikofika, bado ina nikotini.