Kilo za mwili zinashuka lakini na skwati nayo inashuka, nifanyeje wakuu nikate kitambi bila kupoteza nguvu?

Gia ya Fuso:
Habari zenu wakuu, naomba mawazo yenu kwenye hili maana mtaani kila ninayemuuliza ananijibu kivyake na nazidi kuchanganyikiwa.

Mimi ni mwanaume wa miaka 34, urefu sentimita 174, kazi yangu ni ya dukani Kariakoo, kukaa tu kutwa nzima. Mwaka jana nikaanza kupiga chuma kwenye jimu moja ya huku kwetu Mbagala, zile za uani, vyuma vingine vya kununua vingine ni gia za magari zimechomelewa, lakini raki ya skwati, ile fremu ya kuwekea chuma unachobeba begani ukichuchumaa na kuinuka, ipo na ni imara. Nimeipenda mno hii kitu. Skwati nilifika kilo 120 mara tano, dedilifti (kunyanyua chuma kutoka chini) 140, benchi (kusukuma chuma ukiwa umelala chali) 85. Shida nilikuwa nakula sana na mwili ukafika kilo 92, kiuno sentimita 104, na nilipoenda kupima dokta akaniambia presha imeanza kupanda nipunguze tumbo. Kwa hiyo hapa siongelei urembo.

Nikaanza kujibana. Asubuhi chai ya rangi kavu, mchana matunda, usiku ugali kidogo na mchicha, na kila alfajiri nakimbia. Kilo zimeporomoka haraka, sasa nina 86, ila ile 120 naitoa mara moja kwa taabu, usingizi mbovu, na nikiinuka ghafla naona kizunguzungu. Kocha wa pale anasema ndo kawaida, ukiwa unakata unaacha kilo kubwa unapiga kilo ndogo raundi nyingi ili mafuta yayeyuke, na akanishauri nikimbie nimevaa koti la nailoni. Roho inaniuma kuziacha kilo zangu.

Je inawezekana kukata mafuta na nguvu ikabaki au lazima nichague moja? Na huyu kocha nimfuate?

Mti Mkavu:
Mshika mbili moja humponyoka mkuu. Acha vyuma kwanza miezi mitatu kimbia tu, tumbo likiisha rudi jimu.

Nahodha wa Dau:
Mti Mkavu kwa heshima zote hapo sikubaliani na wewe. Akiacha vyuma miezi mitatu huku anakula hivyo atakonda kweli, ila tumbo ndo litakuwa la mwisho kuondoka na mapaja yatakuwa yameisha zamani.

Gia ya Fuso sikiliza ndugu yangu. Mwili ukinyimwa chakula unakula akiba, na akiba ni mafuta na misuli pia. Unachagua vipi uchome mafuta na sio misuli? Mambo mawili, kuupa protini ya kutosha na kuuonyesha kila wiki kwamba ile misuli ina kazi nzito ya kufanya. Ile 120 begani ndo inayouambia mwili usiguse mapaja. Ukiiondoa ukaweka kilo 50 raundi thelathini, umeuambia mwili kwamba nguvu haihitajiki tena. Na mafuta hayayeyuki pale unapofanyia zoezi, ungepiga skwati nyepesi mpaka kesho tumbo haliendi kwa sababu hiyo, linaenda kwa sababu chakula kilichoingia ni kidogo kuliko kilichotumika.

Kwa hiyo ni kinyume cha alivyosema kocha wako. UZITO WA CHUMA UNABAKI, KINACHOPUNGUA NI SETI, yaani yale mafungu unayopiga kisha unapumzika. Kama ulikuwa unapiga skwati seti tano piga tatu, zile za nyongeza za mwisho mwisho kata. Mwili usiokula vizuri hauwezi kupona kutoka kwenye kazi nyingi ila kazi nzito kidogo unaimudu.

Koti la nailoni liache kabisa. Ule ni jasho, ni maji, ukinywa lita moja kilo imerudi, na kwa joto la Dar na presha uliyonayo utaanguka barabarani bure.

Tatizo lako kubwa naliona kwenye sahani. Chai kavu, matunda, ugali na mchicha, hapo protini iko wapi?

Gia ya Fuso:
Nahodha asante sana umenifungua macho. Sasa nile kiasi gani maana naogopa nikirudi kula kitambi kitarudi. Na nyumbani tunakula sahani moja familia nzima siwezi kupikiwa peke yangu.

Nahodha wa Dau:
Tupige hesabu. Kilo moja ya mafuta ya mwili ni kama kalori 7,700. Ukipunguza kalori 500 kwa siku kutoka kwenye kile kinachokufanya usiongezeke wala usipungue, kwa wiki ni 3,500, yaani karibu nusu kilo. Hiyo ndo spidi nzuri kwa mtu anayetaka kubaki na nguvu, nusu kilo kwa wiki, ikizidi sana asilimia moja ya uzito wako ambayo kwako ni kama gramu 860. Wewe umeshuka mbio kuliko hapo na ndo maana chuma kinakukataa.

Protini lenga gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili, kwa kilo 86 inakuja kama 138. Inaonekana nyingi ila angalia: mayai manne ni 24, dagaa wakavu gramu 50 ni kama 28, maziwa nusu lita 16, bakuli la maharage 15, mnofu wa kuku au samaki kipande cha gramu 150 ni kama 40, na ugali wenyewe wa gramu 200 za unga una kama 16. Umefika, na hapo hakuna chakula cha kigeni hata kimoja.

Pa kupunguza ni mafuta ya kupikia na vinywaji. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kalori 120, sasa zile mboga za kuungwa zinazoogelea kwenye mafuta, chapati mbili, soda, hapo 500 yako imepatikana bila kugusa nyama wala dagaa.

Bi Mkubwa wa Mtoni:
Mwanangu mie napika chakula cha watu hapa Mtoni miaka mingi, hilo la mafuta ni kweli tupu. Ukienda kwa mama ntilie mwambie akuwekee maharage kwa upawa wa matundu, ule mchuzi wa juu unaong'aa auache sufuriani, na kuku chagua wa kuchoma au wa kuchemsha. Hatokasirika, wengi siku hizi wanaagiza hivyo. Nyumbani nako mkeo asipike sufuria mbili, apike ileile ila mafuta ayapime kwa kijiko asimimine kutoka kwenye dumu, na watoto nao watafaidika. Wewe jaza mboga nusu sahani, samaki au dagaa, ugali ngumi moja, siku ya vyuma ngumi mbili. Dagaa wakaange kwa nyanya na kitunguu waache wakauke wenyewe, ukiweka limao hutotamani mafuta.

Mtoto wa Nakuru:
Salimia Dar. Mimi nilikuwa na shida kama yako bro, nikashuka kutoka 98 mpaka 88 na dedilifti haikushuka, ilikaa palepale. Omena (dagaa wenu) na madondo (maharage) ndio ziliniokoa, na maziwa ya mala, yale ya mgando. Nitaongeza kitu moja tu. Usijipime kila siku ukapanic. Ukikula chumvi mingi jana ama ugali mkubwa, kilo inapanda na sio mafuta, wanga ikihifadhiwa kwa misuli inashika maji karibu mara tatu ya uzito wake. Jipime asubuhi siku kadhaa kwa wiki utafute wastani, halafu linganisha wiki na wiki. Na ukianza kula vizuri utaona kilo imepanda kidogo mwanzo, usiogope, hayo ni maji yanarudi na nguvu pia inarudi nayo.

Pia ufikirie hivi: 120 ukiwa na kilo 92 ni mara 1.3 ya mwili wako. Ukifika 84 na ubebe 115, hiyo ni karibu 1.37. Chuma imepungua kilo tano lakini kwa mwili wako umekuwa na nguvu zaidi. Kwa mashindano ya pawalifting, yale ya skwati, benchi na dedilifti, watu hushindana kwa madaraja ya uzito wa mwili kwa sababu hiyo.

Nesi wa Zamu:
Naomba tusilipite hili la presha na kizunguzungu, naona wote tumekimbilia kwenye misuli.

Kaka, kizunguzungu cha kuinuka ghafla kwa mtu anayekula kidogo, anatoka jasho na kukimbia kila alfajiri mara nyingi ni upungufu wa maji na chakula, lakini kwa mtu aliyeambiwa presha yake imeanza kupanda usibahatishe. Kama ulipewa dawa, uzito ukishuka presha nayo huwa inashuka na dozi ileile inaweza kuwa kubwa kwako. Rudi ukapimwe wiki hii na umwambie daktari kwamba unanyanyua vyuma vizito, usimfiche.

Kuhusu kunyanyua, unapobana pumzi na kusukuma kilo kubwa presha inapanda juu sana kwa zile sekunde chache. Kwa hiyo mpaka daktari akuruhusu, usijaribu ile ya mwisho kabisa ya mara moja. Kaa kwenye uzito unaoweza kuufanya mara tano mpaka nane huku bado una akiba ya mara mbili, na toa pumzi ukipita pale pagumu. Kwa uzito huo nguvu bado inatunzwa.

Usingizi pia. Masaa saba hadi nane, ukilala manne mwili unashindwa kupona na njaa ya kesho yake inakuwa ya ajabu, hapo ndo watu wanavamia chipsi mayai saa nne usiku.

Kijana wa Ilala:
Na kriatini vipi wakuu, kile kirutubisho cha unga cha kuongeza nguvu, anunue?

Nahodha wa Dau:
Inasaidia, gramu 3 mpaka 5 kwa siku inatosha, ni kati ya virutubisho vichache vyenye ushahidi mwingi. Ila kwake kwa sababu ya presha namshauri amuulize kwanza daktari akague na figo, na inashikisha maji kwenye misuli kwa hiyo mizani itapanda kidogo asije akadhani ni mafuta. Mimi ningekuwa yeye hiyo hela ningeinunulia trei ya mayai kwanza.

Gia ya Fuso:
Wakuu nawashukuru sana, dada Nesi kesho nawahi kupimwa. Kwa ninavyowaelewa, dokta akiniruhusu nipange hivi: Jumatatu skwati na benchi, Jumatano dedilifti na za mgongo, Ijumaa skwati nyepesi kidogo na benchi, seti tatu tatu, kilo nianzie 100 nipande taratibu. Kukimbia nibakize Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Ila kuna kitu kinanisumbua, zile gia hatujui uzito wake hasa, tunakadiria, sasa nitajuaje kama nguvu imebaki?

Fundi Chuma Chakavu:
Hilo ni langu mkuu. Zibebe mpelekee mnunuzi wa vyuma chakavu, ana mizani ya kuning'iniza au ya chini, atakupimia kwa dakika tano. Nimeshapima gia za jimu ya kwetu, zile mbili zilizokuwa zinaitwa ishirini ishirini, moja ilikuwa 17 nyingine 22, jamaa alikuwa anapiga skwati imeelemea upande mmoja na kiuno kinamuuma hajui kwa nini. Pima na nondo yenyewe, usidhani ni 20. Ukishajua andika kwa rangi ya mafuta kwenye kila kipande na uzipange zinazolingana kushoto na kulia.

Nahodha wa Dau:
Fundi hapo umetoa kitu cha maana sana. Gia ya Fuso ratiba yako iko vizuri, nabadilisha moja tu, hizo mbio zigeuze kutembea haraka dakika arobaini, panda na kushuka vilima vya huko kwenu, kukimbia siku moja kabla ya dedilifti kunakula miguu. Ukiona chuma kimeshuka wiki mbili mfululizo na umelala vizuri, ongeza chakula kama kalori 200, kipande cha kiazi kitamu na yai, usiongeze mazoezi. Kiuno pima kwenye kitovu asubuhi baada ya kutoka chooni kabla ya chai, tumbo usilivute ndani, utepe wa kupimia wa fundi cherehani unatosha. Ukishapima hizo gia rudi hapa utuambie zimesoma ngapi.