Je, niendelee kununua kazi za msanii ambaye misimamo yake inanichukiza?

Msomaji Mkongwe:
Kwa miaka kumi na mitano nimenunua kila riwaya ya mwandishi mmoja ambaye sitamtaja jina. Nakala yangu ya kwanza imechakaa hata kurasa za katikati zimebanduka, na pembezoni mwake kumejaa maandishi yangu ya penseli. Hivi karibuni amezungumza hadharani, tena zaidi ya mara moja, kwa dharau kubwa dhidi ya kundi la watu wasiomkosea lolote, na baadhi yao ni jamaa zangu. Sasa ametoa riwaya mpya. Je, nikiinunua nitakuwa nimeyaunga mkono maneno yale, au nitakuwa nimelipia hadithi tu? Tafadhali msinijibu kwamba kila mtu ana uhuru wa maoni. Hilo nalijua, wala siombi anyamazishwe.

Kifungua Kurasa:
Mimi hutenganisha kuipenda kazi na kumtilia mwenye kazi fedha mfukoni. Knut Hamsun wa Norway alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1920. Mwaka 1943 akamtunukia medali hiyo Goebbels, waziri wa propaganda wa Hitler, na Mei 1945 akaandika taazia ya kumsifu Hitler mwenyewe. Namchukia kwa hayo, lakini namsoma, kwa kuwa alifariki mwaka 1952 na hakuna senti yangu itakayomfikia. Mwandishi wako yu hai. Kila nakala mpya inayouzwa humpatia mrabaha, na ingawa mrabaha wa nakala moja ni mdogo, wingi wa mauzo ndio unaomjengea jukwaa analosimama kuyasema hayo anayoyasema. Azima kitabu maktaba, au nunua nakala iliyokwisha kutumika.

Sikio la Tatu:
Ushauri wa maktaba una walakini: Uingereza, kwa mfano, ina sheria ya tangu mwaka 1979 inayowapa waandishi malipo kwa vitabu vyao vinavyoazimwa. Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba kifo hakimalizi shauri hili, kama alivyodhani mwenzangu.

Mwaka 1850 Richard Wagner, mtunzi wa muziki wa Kijerumani, alichapisha, kwa jina la bandia, makala ya kuwashambulia Wayahudi katika muziki, na mwaka 1869 akaitoa upya kwa jina lake halisi. Alifariki mwaka 1883. Hakuna wa kulipwa tena, na bado kupigwa kwa muziki wake nchini Israeli huzua ugomvi. Julai 2001, Daniel Barenboim, kiongozi wa okestra ambaye mwenyewe ni Myahudi, alipomaliza tamasha mjini Yerusalemu aliwauliza wasikilizaji kama wangependa kusikia kipande cha Wagner, akawaambia wasiotaka kwamba wako huru kuondoka. Watu walibishana ukumbini kwa takriban nusu saa. Baadhi wakatoka kwa hasira, waliobaki wakasikiliza. Nauheshimu utaratibu ule kwa sababu hakuna aliyelazimishwa kukaa, wala aliyenyimwa kusikia.

Kwa hiyo swali langu kwako halihusu fedha. Je, dharau anayoitoa mdomoni imo pia ndani ya riwaya? Irudie ile nakala yako ya zamani, uwatazame wahusika wanaotoka katika kundi hilo: wana mawazo yao, au wamewekwa ili wachekwe?

Msomaji Mkongwe:
Nimeirudia, na imenichukua usiku mzima. Yumo mmoja tu, mlinzi wa lango, anayetokea katika sura tatu. Mara zote tatu anasema jambo la kipumbavu, wenzake wanacheka, kisha hadithi inaendelea bila yeye. Pembeni mwa sura ya pili kati ya hizo nimekuta mwandiko wangu mwenyewe: "Kichekesho safi!" Riwaya mpya sitainunua, walau kwa sasa. Hii ya zamani siitupi, kwa kuwa bado naipenda kuliko ninavyotaka kukiri, ila nimeufuta ule mwandiko wa penseli, kisha nikajuta kuufuta. Mlinzi yule, nimegundua, hakupewa jina kitabu kizima.