Wauza kuni wa Njombe, hizo mnazoziita "kavu" ni maji mnatuuzia

Wakuu, salamu baadaye.

Baridi imeingia, na kama ilivyo kila Juni, Canter zinapita mtaani zimejaa "kuni kavu za kuotea". Kavu gani hizo? Ukizitia kwenye meko ya sebuleni zinatoa povu kwenye ncha, zinalia siii, moshi unarudi ndani, watoto wanakohoa, na mtu aliyekaa hatua tatu kutoka kwenye moto bado amejifunga blanketi. Halafu ukipiga simu unaambiwa "bosi, hujui kuwasha".

Tuongee kwa namba, asije mtu akasema ni chuki. Mlingoti (mkaratusi) uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Chukua kilo 100 za magogo mabichi: lita 50 za maji zimo ndani. Kuni hizohizo zikikauka hadi maji yabaki asilimia 20 ya uzito, mzani utasoma kilo 62 na nusu. Lita 37 na nusu zimekwenda na upepo, bure. Ukinunua mbichi, lita hizo unazichemsha wewe sebuleni kwako, kwa kuni zako. Kilo moja ya kuni kavu inakupa kama megajuli 14 za joto, kilo ya mbichi kama 8.

Na kuchemsha maji siyo hata hasara kubwa. Moto uliolowa haufikii joto la kuunguza gesi zinazotoka kwenye kuni, kwa hiyo gesi zinapanda zikiwa moshi, na moshi ni kuni ambayo haijaungua. Sehemu yake inaganda kwenye kuta za dohani ikawa lami nyeusi inayonata. Siku ukipata kuni kavu kweli na moto ukapamba, lami ile inashika, dohani linanguruma kama Fuso likipanda mlima, na paa lako la mbao liko hapohapo. Watu wengi wanailaumu paina peke yake kwa sababu ya utomvu. Paina kavu haina shida kubwa hivyo, inawahi kuisha tu. Mlingoti mbichi unachafua dohani kuliko paina kavu.

Sasa kwa nini kuni za Juni huwa mbichi? Kwa sababu zimekatwa Mei! Mvua za huku zinaanza Novemba zinaishia Aprili au Mei. Mtu anasubiri njia ikauke, anaingiza chensoo shambani, wiki tatu baadaye anapakia. Na Juni na Julai kwetu ni ukungu na manyunyu, hakuna kinachokauka cha maana. Ukaushaji wenyewe unafanyika Agosti hadi Oktoba, jua likiwa kali na upepo ukivuma. Kuni za kuotea Juni hii zilitakiwa ziwe zimekatwa Mei au Juni mwaka JANA, zimepasuliwa palepale, zimepigwa na upepo hadi Oktoba, na zimeingia chini ya bati kabla ya mvua ya Novemba. Anayekwambia amekausha mlingoti kwa mwezi mmoja anakudanganya.

Wengine wanasema "lakini tunazianika". Mnaanika magogo mazima yenye maganda! Maji yanatoka kwenye mti kwa kufuata nyuzi, yaani kupitia ncha na pale palipopasuliwa. Gome linazuia. Gogo la unene wa sentimita 20 lisilopasuliwa linaweza kulala mwaka mzima, nje limepasukapasuka vizuri la kupigia picha, katikati bichi. Kata vipande vya sentimita 30 hadi 35, pasua hadi unene wa sentimita 10 au 12, na pasua ungali mbichi. Mlingoti ukishakaukia kwenye gogo, nyuzi zake zilizojipinda zinashika shoka, utaacha kabari mbili humo. Miti ya miwati haina ukorofi huo, inapasuka kwa heshima na inatoa makaa mazuri. Kama mtu ana miwati iliyokaa sawasawa, hata akipandisha bei kidogo simlaumu.

Kupanga nako ni shida. Rundo linamwagwa chini kwenye udongo, linafunikwa turubai hadi chini, eti lisinyeshewe. Mvuke unapanda, unagonga turubai, unarudi kwenye kuni. Ukifunua, ukungu mweupe na uyoga. Inua rundo juu ya mawe au miti sentimita 15, panga mstari mmoja, upana wake uutazame upepo, acha nafasi kati ya mstari na mstari, funika JUU tu kwa bati. Kisha chukua vipande vitano kutoka katikati ya rundo, viandike namba kwa chaki, vipime kila baada ya wiki mbili. Uzito ukiacha kushuka, uza. Mzani wa duka la mahindi unatosha.

Tuje kwenye vipimo, maana hapa ndipo tunapigwa kweeli. "Canter moja" ni kipimo gani? Bodi ya mita 4 kwa 2, imejazwa kimo cha mita 1, ni mita 8 za ujazo, lakini kuni zimetupwa ovyo, hazikupangwa. Zipange nyumbani: hupati 8, unapata 5 na ushee. Na hata zikipangwa vizuri, mita moja ya ujazo ina mti wenyewe kama asilimia 65, kilichobaki ni nafasi. Halafu kuna mabingwa wa kupanga kimsalaba katikati ya bodi, pembeni zinaonekana zimebanana, ndani panya anapita na mkewe. Viwanda vya chai vinanunua kuni kwa mita iliyopangwa na kupimwa, na wauzaji wanapanga bila kunung'unika. Kwa nini sisi wa majumbani tupimiwe kwa macho?

Kabla hujalipa:

Usipime tabaka la juu, hilo ndilo limewekwa kwa ajili yako. Vuta kipande kutoka katikati au chini ya mzigo. Gonganisha viwili: kavu inalia ko! kama kigogo cha ngoma, mbichi inasema pu. Gome la kuni kavu linabanduka kwa kidole, na kuni inakuwa nyepesi kuliko ulivyotegemea. Kisha mwambie apasue kipande mbele yako, uweke shavu kwenye uso uliopasuka sasa hivi. Ukisikia ubaridi na unyevu, ondoka.

Mwenye kipima unyevu, choma sindano zake kwenye uso huo mpya, katikati, kwa kufuata nyuzi. Ukichoma kwenye ncha utasoma 15 na ndani ni 40. Ujue pia vipima vingi vinahesabu maji dhidi ya uzito wa mti mkavu, kwa hiyo kikisoma 25 hiyo ndiyo ile asilimia 20 niliyoitaja juu. Kikipita 30, usiamini namba, amini tu kwamba ni mbichi.

Na msikubali kuni zilizoungua nje kwenye moto wa shamba zikaitwa "zimekauka na moto". Moto wa nyasi unababua gome, ndani haufiki.

Najua utetezi: hela haiwezi kulala kwenye rundo mwaka mzima. Sawa, hilo lina ukweli. Basi uza mbichi kwa JINA la mbichi na kwa bei ya mbichi, mteja akakaushe mwenyewe. Kule England tangu Mei 2021 kuni za chini ya mita 2 za ujazo haziuzwi mpaka zithibitishwe hazizidi unyevu wa asilimia 20, na anayeuza nyingi zaidi zikiwa mbichi lazima ampe mnunuzi maelezo ya kuzikausha. Siombi sheria, naomba mtu aandike kwenye risiti: aina ya mti, mwezi wa kukata, mita ngapi zilizopangwa.

Kinachoudhi zaidi ni kinachofuata nyumbani. Watu wakichoshwa na moshi wanaingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga dirisha. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na mkaa unaowaka mwekundu bila moshi ndio unaoitoa usiku kucha. Jiko la mkaa lisilale ndani na watu, hata dirisha likiachwa wazi kidogo.

NYONGEZA: Naona wanaouliza kuhusu mabanzi ya viwanda vya mbao. Ni membamba, yanakauka haraka, yanafaa kuwashia. Tatizo ni kwamba yanatoka kwenye magogo mabichi ya paina, kwa hiyo nayo yakae chini ya bati miezi miwili au mitatu ya kiangazi. Yale yenye rangi ya kijani ya dawa ya nguzo msiyachome ndani kabisa, hata kama mnapewa bure, na majivu yake yasiende bustanini.